Commodore 64 haiwaki, au inawaka na kukataa kazi: soma dalili kabla ya kushika bisibisi

Commodore 64 ilitoka mwaka 1982, na hadi leo watu wanainunua mtandaoni, wanairithi kwa wajomba, wanaitoa stoo na kuichomeka kwa matumaini. Malalamiko yanayofuata ni yale yale: skrini nyeusi, skrini ya bluu isiyo na maandishi, kaseti isiyopakia, programu inayoganda katikati. Mtu wa kwanza kuulizwa hujibu "ROM zimekufa", na mwenye mashine anaagiza chipu ambazo hakuzihitaji.

Mfumo endeshi wa mashine hii hauko kwenye diski. Uko ndani ya chipu za ROM, yaani kumbukumbu ya kusomwa tu, umechomwa kiwandani. KERNAL yenye kilobaiti 8 inasimamia kibodi, skrini, kaseti na diski. BASIC V2, lugha ya kuandikia programu, nayo kilobaiti 8, ndiyo unayoongea nayo. Kuna pia chipu ya kilobaiti 4 yenye maumbo ya herufi. Hakuna faili la mfumo la kuharibika, wala hakuna cha kupiga Windows upya. Ama chipu inasomeka, ama haisomeki.

Kila unapowasha, KERNAL inapita hatua zilezile. Inaangalia kama kuna katriji, inaandaa chipu za kuingiza na kutoa, inapima RAM (kumbukumbu ya kazi) kuanzia anwani 1024 kwenda juu, inaandaa skrini, kisha inaikabidhi BASIC kazi. BASIC ndiyo inayoandika:

     **** COMMODORE 64 BASIC V2 **** 
    64K RAM SYSTEM  38911 BASIC BYTES FREE
    READY.

Kwa hiyo skrini yako inakuambia mashine ilifika wapi kabla ya kukwama. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya hilo. Kwa wanaotumia VICE, programu inayoiga Commodore 64 kwenye kompyuta za kisasa, sehemu za umeme ziruke. Dalili za BASIC ni zilezile kabisa.

## Skrini nyeusi, taa nyekundu inawaka

Kwanza hakikisha tatizo si televisheni. Mashine ya mfumo wa televisheni wa PAL inarusha picha kwenye chaneli ya 36 ya UHF, na televisheni nyingi za sasa zina kipokezi cha dijitali tu, hazitaiona kamwe. Tumia kebo ya AV inayotoka kwenye tundu la video nyuma ya mashine. Ukiona chenga, huna mawimbi. Ukiona weusi mtulivu, mawimbi yapo ila mashine imekwama.

Sababu namba moja, tena kwa mbali, ni adapta ya umeme. Zile za mwanzo zilizojazwa gundi ngumu zina tabia mbaya kuliko kufa: zikizeeka, volti 5 hupanda, na RAM ndiyo inayolipa. Pima kwa mita kabla hujachomeka kwenye mashine. Kati ya pini 5 na pini 2 unatakiwa kupata volti 5 za DC. Kati ya pini 6 na 7, kama volti 9 za AC. Iache iwake dakika kumi na tano kisha upime tena, kwa kuwa nyingine husoma vizuri zikiwa baridi na kupanda zikipata joto.

Ukiona zaidi ya volti 5.2, acha hapo hapo. Usijaribu hata "mara moja tu kuona". Nunua adapta mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hii. Na usiipasue ile ya zamani: ndani kuna umeme wa ukutani, na gundi ile haiachi kitu cha kutengenezeka. Hata adapta inayosoma sawasawa, mimi singeiamini kwa mashine ninayoipenda.

Kama umeme uko sawa, fungua mashine ikiwa imechomolewa, utazame fyuzi iliyo karibu na swichi. Watu wengi hukosea hapa. Taa nyekundu inakula volti 5 tu, lakini kwenye bodi za zamani zile volti 9 ndizo zinazolisha chipu ya picha, VIC-II, pamoja na saa inayoendesha mashine. Fyuzi ikikatika, taa inawaka na mashine haipumui. Weka fyuzi ya kiwango kilekile kilichoandikwa, amperi 1.5. Usifunge waya wala karatasi ya sigara. Ikikatika tena, kuna kitu kinachovuta umeme kupita kiasi, na hilo ni la fundi.

Baada ya fyuzi, washuku hawa kwa mpangilio: chipu ya PLA, ambayo ndiyo inayoamua kila anwani ijibiwe na nani kati ya RAM, ROM na vifaa, kisha RAM, kisha ROM ya KERNAL, mwisho kabisa prosesa ya 6510 na VIC-II. Washa kwa dakika moja, zima, chomoa, halafu sogeza kidole juu ya chipu za RAM. Moja ikiwa moto kuliko wenzake, umeipata. PLA kuwa na joto si dalili, ndivyo ilivyo.

Kipimo bora kwa hatua hii ni katriji ya Dead Test. Katriji hii inakaa mahali pa KERNAL, kwa hiyo inafanya kazi hata KERNAL ikiwa imekufa. Ikileta picha wakati mashine yenyewe hailetei chochote, basi prosesa, VIC-II na sehemu kubwa ya PLA ni wazima, na mshtakiwa amebaki ROM. Skrini ikimetameta kwa vipindi, hiyo ni RAM: idadi ya kumetameta inataja chipu iliyokufa. Hesabu mizunguko kadhaa kabla ya kuamini.

Chipu zilizo kwenye soketi unaweza kuzichomoa taratibu na kuzirudisha, ukizingatia mwelekeo wa pengo dogo lililo upande mmoja wa chipu. Mara nyingi kutu kwenye miguu ndiyo ugonjwa wote. Zilizochomelewa kwa solda usiziguse kama hujawahi kutoa chipu yenye miguu 28. Njia za shaba za bodi hizi zinabanduka upesi, na bodi iliyobanduliwa ni kazi kubwa kuliko chipu iliyokufa.

## Skrini ya bluu na mpaka wake, bila maandishi

KERNAL imefika mwisho wa kazi yake na kuandaa skrini, lakini BASIC haikuitika. Mshukiwa wa kwanza ni ROM ya BASIC. Jaribu katriji ya mchezo: michezo mingi ya katriji haihitaji BASIC, hivyo ikicheza vizuri, jibu umelipata. Kwenye bodi fupi za miaka ya baadaye BASIC na KERNAL zimo kwenye chipu moja, na hapo utabadilisha zote pamoja. Kama katriji nayo inayumba, rudi kwenye RAM na PLA.

## Namba si 38911

Namba hii ina maana. Programu ya BASIC inaanza anwani 2049, na ROM ya BASIC inaanza 40960. Toa moja kwa nyingine, unapata 38911. KERNAL huhesabu RAM mpaka inapokutana na anwani isiyoshika ilichoandikiwa, na hapo inasimama.

Ukiona 30719, usiogope: kuna katriji ya kilobaiti 8 imekaa kuanzia 32768. Zima, itoe, washa. Ukiona namba nyingine yoyote iliyo pungufu, ni RAM, na namba yenyewe inakuonyesha hesabu iligota wapi. Mashine inayowaka na kuandika ?OUT OF MEMORY ERROR kabla hujagusa kitufe, nayo ni RAM.

Ukiandika PRINT FRE(0) na kupata namba hasi, mashine ni nzima. BASIC inalisoma jibu kama namba yenye alama, jumlisha 65536.

## READY ipo, kishale hakipepesi

Kupepesa kwa kishale na usomaji wa kibodi vyote vinategemea kengele inayopigwa na chipu ya CIA ya kwanza, ile inayoandikwa U1 kwenye bodi. Ikifa, maandishi yanakuja na kila kitu kinasimama hapo. Kwanza chomoa vijiti vya kuchezea, hakikisha plagi ya kibodi imekaa sawa, ujaribu tena. Kisha ndiyo umshuku U1. CIA ya pili iko karibu, ni ya aina ileile ya 6526. Zikiwa kwenye soketi, zibadilishane nafasi. Dalili ikihama, umepata jibu bila kununua kitu.

CIA hizi hufa kwa umeme tuli wa vidole. Usishike pini za tundu la kijiti cha kuchezea wakati mashine inawaka, na usichomeke wala kuchomoa chochote kabla ya kuzima.

Kibodi inayojiandikia herufi yenyewe mara nyingi ina kijiti kwenye tundu namba 1, kwani tundu hilo linashiriki waya na kibodi. Vitufe vichache vilivyokufa ni uchafu kwenye vidonge vya kaboni. Fungua, futa kwa pamba na spiriti. Kitufe cha RESTORE kinachohitaji kugongwa kwa nguvu si kibovu. Hakimo kwenye mpangilio wa vitufe vingine, kina mzunguko wake.

## Herufi si zile ulizotarajia

Bonyeza SHIFT pamoja na kitufe chenye nembo ya Commodore. Kama michoro imegeuka herufi kubwa, ulikuwa umebadilisha seti tu. Kama kila herufi imevunjika kwa namna ileile, ni ROM ya herufi. Kama maumbo ni mazuri ila rangi zinacheza, ni chipu ya RAM ya rangi.

## Vitufe vya mishale vinaandika alama za ajabu

Hili huwatisha wageni kuliko yote, na si hitilafu. Ukiandika alama ya kunukuu, KERNAL inaingia hali ya kunukuu, na kila kitufe cha kishale au rangi kinaandikwa kama alama badala ya kutekelezwa. Ilikusudiwa hivyo ili uweze kuweka mienendo hiyo ndani ya PRINT. Funga nukuu, au bonyeza SHIFT na RETURN uende mstari mwingine bila kutekeleza chochote.

Ndugu yake ni hili: unapandisha kishale juu ya neno READY, unabonyeza RETURN, inakuja ?OUT OF DATA ERROR. BASIC imesoma READ Y, ikatafuta DATA, ikaikosa. Endelea na kazi.

## Programu inatoa majibu ya uongo au ?SYNTAX ERROR pasipo kosa

Anayeandika programu kwa majina ya Kiswahili asome hapa kwa makini.

BASIC V2 inatambua herufi mbili za kwanza tu za jina. JINA$ na JIBU$ kwake ni kitu kimoja, JI$. Ukimuuliza mtu jina, kisha ukampokea jibu, jina limefutika, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Unaweza kutafuta usiku kucha ukidhani RAM imeoza.

La pili: BASIC inatafuta maneno yake popote yalipo, hata katikati ya jina lako. MTOTO=5 inakataliwa kwa sababu ndani yake mna TO. ORODHA inaanza na OR. ONYO inaanza na ON. FORODHA ina FOR. Pia TI na ST ni mali ya mfumo, usizitumie. Ushauri wangu ni kuandika juu ya karatasi orodha ya majina ya herufi mbili, JN$, JB$, MT, na maana zake, kabla ya mstari wa kwanza wa programu.

Tatu, mstari mmoja kwenye skrini unabeba herufi 80. Ukiuandika kwa vifupisho kama ? badala ya PRINT, unaweza kuwa mrefu zaidi ukiuorodhesha. Ukiugusa tena na kubonyeza RETURN, mkia unakatwa. Ukitaka kuubadilisha, uandike upya kwa vifupisho.

## Mashine inaganda katikati ya programu

Subiri kwanza. Nasema hivi kwa uzito: usiizime.

Programu inayochezea maneno mengi huacha mabaki kwenye kumbukumbu kila neno linapobadilishwa. Nafasi ikijaa, BASIC inasimamisha kila kitu na kukusanya mabaki. Njia inayotumia ni ya polepole: inapitia vigezo vyote kutafuta neno moja la kusogeza, inalisogeza, kisha inaanza upya kutoka mwanzo. Maneno yakiongezeka maradufu, muda unaongezeka mara nne. Ukiwa na orodha ya mamia ya majina, mashine inaweza kukaa dakika kadhaa bila kuitikia hata RUN/STOP, kisha ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wengi wamezima mashine nzima na kupoteza data iliyokuwa salama.

Tiba ni kuweka mstari kama X=FRE(0) mahali ambapo mtumiaji hatajali kusubiri, kwani wito huo unalazimisha ukusanyaji ufanyike hapo hapo, badala ya wakati usioutarajia. Pia tumia namba pale ambapo neno si lazima.

Kama ni kuganda kweli, shika RUN/STOP na ugonge RESTORE. Hii inarudisha skrini na READY, na programu yako inabaki. Kwenye VICE ni Esc na Page Up.

Kuna hali moja ambayo kosa ni la KERNAL yenyewe. Kwenye matoleo ya awali, ukiandika mstari mrefu chini kabisa ya skrini ukapita herufi 80, kisha ukarudi nyuma ukifuta, mashine inaweza kufungika. Uliza toleo lako:

    PRINT PEEK(65408)

Jibu 170 ni toleo la kwanza, 0 ni la pili, 3 ni la tatu, ambalo ndilo linaloonekana kwenye mashine nyingi. Yenye 170 au 0, usiandike mistari mirefu chini ya skrini.

Toleo hilohilo linaeleza kilio kingine: programu inaweka herufi kwa POKE 1024,1 na hakuna kinachoonekana. Toleo la pili, likisafisha skrini, linajaza RAM ya rangi kwa rangi ileile ya mandharinyuma. Herufi ipo, ila ni bluu juu ya bluu. Ongeza POKE 55296,1 itoke nyeupe, na programu yako itafanya kazi kwenye matoleo yote.

## Kaseti: inatafuta tu, au ?LOAD ERROR

Skrini kupotea wakati wa kupakia ni kawaida. VIC-II huiibia prosesa muda, na kusoma kaseti kunahitaji hesabu kamili ya muda, kwa hiyo KERNAL inaizima picha kwa makusudi. Ikiandika FOUND, bonyeza kitufe chenye nembo ya Commodore iendelee.

Ikikosa kusoma, safisha kichwa kwa spiriti, na usogeze kisoma kaseti mbali na televisheni. Halafu jaribu kanda nyingine. Kama zako zinasomeka na za mwenzako hazisomeki, kichwa hakijanyooka sawa na cha aliyerekodi. Kuna skrubu ndogo ya kukinyoosha. Izungushe kidogo sana, na weka alama ilipokuwa.

Kanda tupu baada ya SAVE ina sababu moja inayojirudia: ulibonyeza PLAY bila RECORD. Mashine inahisi tu kwamba kuna kitufe kimebonyezwa, haijui ni kipi, nayo itaandika READY kwa furaha. Baada ya kila SAVE, rudisha kanda nyuma na uandike VERIFY.

## Diski

?DEVICE NOT PRESENT ERROR: 1541, yaani kiendeshi cha diski cha Commodore, imezimwa, kebo imelegea, au kiendeshi kimewekwa namba 9 badala ya 8. Baada ya hapo ndiyo umshuku CIA ya pili.

Taa nyekundu inayopepesa maana yake kiendeshi kina la kusema. 1541 ni kompyuta kamili yenye prosesa na mfumo wake wa diski, na ujumbe wake hauji wenyewe kwenye skrini. Hifadhi ulichonacho kwanza, andika NEW, kisha:

    10 OPEN 15,8,15
    20 INPUT#15,A,B$,C,D
    30 PRINT A;B$;C;D
    40 CLOSE 15

Andika RUN. Ni lazima iwe na namba za mistari, maana INPUT# haikubaliki moja kwa moja. 73 ni salamu ya kuwashwa, si kosa. 62 faili halipo. 26 diski imezibwa isiandikwe. 74 diski haipo au haijaumbizwa. 21 na jamaa zake ni usomaji: safisha kichwa, jaribu diski nyingine.

Programu ikipakiwa lakini RUN haifanyi kitu, irudie kwa LOAD"JINA",8,1. Ile 1 inaiweka kwenye anwani iliyoandikwa ndani ya faili, ambayo programu za lugha ya mashine huihitaji.

LOAD"$",8 inafuta programu iliyo kwenye kumbukumbu, kwa sababu orodha ya diski inapakiwa kama programu. SAVE"@0:JINA",8 isiguse diski yako: ina hitilafu ndani ya 1541 inayoweza kuvuruga mafaili mengine. Hifadhi kwa jina jipya, kisha futa la zamani. Faili lenye nyota kabla ya aina yake halikufungwa. Usilifute kwa S0:, tumia OPEN 15,8,15,"V0":CLOSE 15.

Mlio wa kugonga wakati wa kuumbiza ni kichwa kikisukumwa hadi ukutani ili kijue kilipo. Ila kugonga huko, kukirudiwa miaka mingi, huhamisha kichwa. Kiendeshi kinachosoma diski kilizoandika chenyewe tu kinahitaji kupangwa upya, na kazi hiyo inahitaji vipimo, mpelekee fundi.

## Mashine kutoka Marekani

Kwa walioagiza na kupokea Dar es Salaam, Mombasa au Muscat: adapta ya Marekani ni ya volti 120. Usiichomeke ukutani kwako. Na mashine yenyewe ni ya NTSC, mfumo wa televisheni wa Marekani, hivyo televisheni ya PAL inaweza kuonyesha picha isiyo na rangi au inayozunguka. Andika PRINT PEEK(678): 0 ni NTSC, 1 ni PAL. Toleo la kwanza la KERNAL halina kipimo hicho, kwa hiyo kama ulipata 170 huko juu, usitegemee jibu hili.

Ukifika kwa fundi, mpe karatasi yenye vitu vinne: mashine ilifika wapi ilipowashwa, namba iliyoandikwa kabla ya BASIC BYTES FREE, jibu la PEEK(65408) kama ulilipata, na volti ulizopima kwenye adapta ikiwa baridi na ikiwa na joto. Mpe na adapta yenyewe.